Almasi ya Buluu ya Bi Salha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya uthamini wa vito Tanga, Mthamini Mkuu aliniwekea almasi mbili za buluu juu ya karatasi nyeupe, akaniuliza ipi imezaliwa na rangi yake na ipi imetiwa rangi na watu. Nilichagua ile iliyong'aa zaidi. Hakunicheka.

"Binti Mhina, umechagua uliyoipenda," alisema. "Kaa hapa nikufundishe kupima."

Alinifundisha kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwake nilijifunza kwamba almasi iliyofifia hupigwa mionzi ikageuka buluu au kijani, kisha ikauzwa kama ya asili. Kama ilipigwa kwa mitambo ya zamani, ukiitazama kwa lenzi utaona rangi imejikusanya kuzunguka ncha ya chini, mfano wa mwavuli uliofunguliwa. Mitambo ya baadaye haiachi mwavuli, ndiyo maana tulikuwa na kifaa chenye sindano mbili za kupimia umeme. Almasi nyingi za buluu ya asili hupitisha umeme, kwa sababu buluu yao hutokana na boroni iliyoingia jiwe likiumbika chini ya ardhi. Ile iliyopakwa buluu na mionzi haipitishi. Jiwe likigoma kupitisha, hatukulihukumu pale pale, tulilipeleka maabara.

Baadaye nilipelekwa Kanda ya Ziwa kuchambua almasi ghafi chini ya Msimamizi wa Uchambuzi, mtu mkali asiyetaka maongezi mezani. Nilirudi Tanga nikiwa Mthamini Msaidizi, chini ya mwalimu wangu yule yule. Nilirudi kwa furaha.

Ndipo akaja Bi Salha. Ukoo wao ulitoka Omani zamani, ukawa na mashamba ya minazi upande wa Pangani, lakini siku hizo kilichobaki ni nyumba moja na kidani cha bibi yao chenye almasi ya buluu. Mdogo wake, Seif, figo zilikuwa zimekufa na alitakiwa kupelekwa India. Walikubaliana kidani kiuzwe.

Nilikipima mwenyewe. Mwavuli hakuna. Nikagusisha sindano, umeme ukapita. Nikarudia, ukapita tena. Nikaenda kwa Mthamini Mkuu nikamwambia jiwe ni la asili.

Naye akalipima, akatazama mshale ukipanda. Kisha akasema, "Andika limetiwa rangi."

"Mzee, umeme umepita. Umeuona."

"Nimeuona. Andika."

"Siandiki."

Akachukua kalamu akaandika yeye. Tena akatoka nje kwenye benchi la wageni, akamweleza Bi Salha kwa sauti ya upole kwamba bibi yake alidanganywa, ila yupo mfanyabiashara anayeweza kulichukua hivyo hivyo kwa kumsaidia. Mfanyabiashara huyo alikuwa shemeji yake Mthamini Mkuu mwenyewe.

Nilimfuata hadi pale pale benchini. "Bi Salha, usiuze. Jiwe hili ni la asili, nimelipima mara mbili. Lipeleke Dar es Salaam likapimwe tena."

Bi Salha alinitazama, akamtazama yeye. "Mwanangu," aliniambia, "huyu ndiye aliyeingia kaburini kumpokea baba yangu siku ya maziko. Anidanganye kwa lipi? Na Seif hana siku za kungoja."

Aliuza siku ile ile. Wiki iliyofuata nilihamishiwa Maramba, kununua vito vya wachimbaji wadogo. Barua ilisema ni kwa manufaa ya kazi.

Zile fedha hazikufika mbali. Seif alikwenda, matibabu yakakatika katikati, akarudishwa, akazikwa Tanga. Baada ya arobaini Bi Salha alipanda gari mpaka Maramba. Alikuwa amesikia kwamba jiwe limeuzwa ng'ambo kama buluu ya asili.

"Uliniambia," alisema. Hakulia. "Utasema tena mbele ya watu?"

Nilisema. Nilisema mbele ya wazee wa ukoo na mbele ya wakubwa wa kazi. Mthamini Mkuu aliwajibu kwamba mimi ni mwanafunzi wake na mwanafunzi hukosea. Wakataka jiwe liletwe lipimwe. Jiwe lilikuwa limekwisha kuvuka bahari. Shauri likafia hapo, na yeye akajenga nyumba ya wageni Ushongo.

Sasa nimestaafu, naishi Mabawa. Vijana wa fani hii huja kuniuliza kuhusu mashine mpya zinazosoma mwanga ndani ya jiwe. Nawaambia ni nzuri, wazisomee. Halafu nawaambia kwamba lile jiwe la Bi Salha halikuhitaji mashine mpya. Lilipimwa sawasawa na watu wawili, na wote wawili walijua. Wanaokuja kwangu wakidhani wizi katika kazi yetu ni ujinga wa kupima huondoka wamenuna, na waondoke.

Mwezi uliopita nilikutana na Mthamini Mkuu kwenye arusi. Amezeeka, anatembelea mkongojo, watu wanapanga foleni kumwamkia. Zamu yangu ilipofika alinyoosha mkono, akasubiri shikamoo yangu. Sikuupokea.

"Binti Mhina," alisema, "hata salamu?"

"Seif alikuwa na miaka thelathini," nikamwambia, nikampita. Watu walisema sina adabu. Nilikwenda kukaa kando ya Bi Salha, tukala pilau.