Choo Kilichosifiwa kwa Usafi

Nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mbao nje ya Nachingwea, wakati sheria mpya ya kazi ilipomtaka kila tajiri awajengee wafanyakazi wake choo. Kuchimba na kujenga tulifanya sisi wenyewe. Tajiri wetu alipopima matundu tukamwambia, bwana, mtu akichuchumaa hapa ataelekea kibla, na sisi sote ni Waislamu, dini inatukataza kujisaidia tukielekea huko. Yageuze kabla saruji haijakauka. Akacheka. Akasema tumezoea vichaka, sasa tunatafuta visingizio.

Basi tukaendelea na vichaka vyetu.

Siku moja akaja ofisa wa kazi kukagua. Akachungulia chooni, akakuta sakafu inang'aa, hakuna hata inzi. Akampa tajiri mkono, akampongeza kwa kutufundisha usafi. Na yule bwana, bila haya, akaupokea ule mkono!

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Nilikuwa nimesimama palepale, nimetoka kutawadha kwa ajili ya adhuhuri, maji bado yananichuruzika miguuni, namsikiliza mtu akisifiwa kwa kunifundisha usafi kwa choo ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiingia.