Pemba Kwenye Picha ya Kadi

Juzi, kwenye ofisi ya vitambulisho Dilala, mama mmoja wa Lubudi aliketi mbele ya kamera. Paji lake lilikuwa jeupe kwa pemba, udongo wa baraka ambao chifu mpya aliwapaka watu wake siku ya kutawazwa.

"Mama, nawa kwanza," karani alisema, akionyesha ndoo.

"Mi ninawe? Chefu alinipaka na mukono yake. Itatoka yenyewe."

"Basi rudia kwenu bila kadi."

Mimi, niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, nilitaka kumjibu karani, lakini mama alinitangulia, akimwita baba kwa lugha ya kwao:

"Tata, piga picha. Hii njo sura yangu yote."

Foleni nzima tukapiga vigelegele. Karani akapiga picha, shingo upande.

Chuoni tunabishana kutwa kuhusu utambulisho wetu. Mama aliikataa ndoo tu, mjadala ukaisha.