Paa Lililong'olewa Meno

Watu wa mji walimwita Assou wa Magata, naye hakuona ubaya, maana magata, ile mifereji ya bati ya kukingia maji ya paa, ndiyo yaliyomlisha kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mrefu, mwembamba, viganja vimejaa makovu ya bati. Kila mwaka, majani ya mialoni yakishapukutika na kabla theluji ya kwanza haijatua juu ya mierezi, alizunguka na ngazi yake nyumba kwa nyumba. Alizoa majani yaliyooza, akapiga kila kishikio kwa ngumi kuona kama kinacheza, kisha akamwaga ndoo ya maji upande wa juu wa gata na kutega sikio.

"Gata zima linakohoa mara moja tu," alikuwa akisema. "Likikohoa mara mbili, lina ugonjwa."

Huko juu kwenye milima ya Atlasi ya Kati theluji si ya kufanyiwa mzaha. Gata ukilifunga juu, sawa na vigae, theluji ikiteleza inalikwanyua kama mtu anavyokwanyua hindi kwenye bua. Sharti lishuke kidogo ili theluji ipite juu yake, na vishikio vikaribiane, dhiraa moja kati ya kimoja na kingine. Tena sharti paa liwe na meno. Ndivyo walivyoviita vile vyuma vifupi vilivyopigiliwa safu kwa safu juu ya vigae, vya kuishika theluji isiporomoke kwa mpigo mmoja, bali iyeyuke polepole na kushuka ikiwa maji. Paa lisilo na meno, Assou hakuwa tayari hata kuliegemezea ngazi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumtania kuhusu hayo. Huyo alikuwa Haddou, mlinzi wa jumba la Haji Berrahal kule kwenye mtaa wa matajiri. Yeye na Assou walizaliwa katika hema mbili zilizokaribiana, wakachunga pamoja, wakateremka mjini pamoja wakiwa na jelaba moja ya sufu ambayo walivaa kwa zamu. Haddou alikuwa mfupi, mnene, mdomo hautulii.

"We Assou, hili paa lina meno mengi kuliko mama mkwe wako," alimwambia kila vuli, akiwa ameishika ngazi chini.

"Mama mkwe wangu hana hata jino moja."

"Ndiyo maana nasema!"

Vuli ile Haji Berrahal alikuja mwenyewe kutoka Kasablanka. Alitaka kuliuza jumba. Alisimama bustanini, mikono mgongoni, akaliangalia paa kwa muda mrefu kama mtu anayekagua farasi.

"Fundi, yale machuma yatoke," alisema. "Paa limekuwa kama taya la mbwa mzee. Na hilo gata lipandishwe, likae sawa na vigae. Nataka mstari mmoja ulionyooka. Wanunuzi watakuja wakati wa theluji, wanataka nyumba ya kwenye picha."

"Haji, meno yakitoka, theluji yote ya upande huu itaangukia mlangoni," alisema Assou. "Na gata likipanda juu halitamaliza msimu."

"Msimu huu ndio ninaouhitaji. Wa mwakani ni wa mwenye nyumba mpya."

Assou akakunja ngazi yake. "Basi tafuta fundi mwingine, Haji. Mimi siwezi."

Akaondoka. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya duka la mkate aliposikia mtu akihema nyuma yake. Ni Haddou, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hakuja na utani.

"Kaka, nisikilize. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi ananichukua na mimi, mimi na funguo. Haji ameniahidi. Isipouzwa, anaifunga na kunitoa. Nitaenda wapi na mke wangu? Umri huu nirudi kuchunga mbuzi wa watu?"

"Haddou, unajua theluji ya mwezi wa pili ina uzito gani? Ya mwanzo ni manyoya. Ile ni mawe."

"Najua. Nitawaambia watu wasipite chini. Nitaweka kamba. Kwani mimi mtoto? We fanya tu, kwa ajili yangu. Akija fundi mwingine atavunja vigae, lawama itanirudia mimi."

Assou alitazama chini. Angeweza kusema hapana. Baadaye, kila alipolala kitandani na kila alipokunywa chai, alirudi pale kwenye kona ya duka la mkate na kusema hapana. Lakini siku ile alisema, "Haya, twende."

Alifanya kazi siku tatu. Meno sitini na manne aliyang'oa moja moja, akaziba matundu kwa lami, akafunga gata jipya la rangi ya shaba juu kabisa, limenyooka kama uzi. Haji alifurahi, akasema sasa hii ni nyumba. Haddou akamletea Assou chai ya nanaa pale pale kwenye ngazi na kumwambia, "Umelitoa meno, sasa lilishe uji." Assou hakucheka.

Theluji ya kwanza ilianguka, ikayeyuka. Ya pili nayo hivyo hivyo. Assou akaanza kupumua. Kisha, mwezi wa pili, ikaanguka siku tatu mfululizo bila kukatika. Siku ya nne mbingu zikafunguka, jua likatoka kali, na mji mzima ukaanza kudondoka matone.

Asubuhi hiyo Assou alikuwa juu ya paa la tanuri la mwoka mikate, bomba la kushushia maji lilikuwa limeganda na kupasuka. Simu ikalia.

"Assou, njoo umwone mwanao," ilikuwa sauti ya Haddou, anacheka. "Gata lako limeota ndevu! Mikuki ya barafu mirefu kama mimi, mlangoni kabisa."

"Usiiguse."

"Wanunuzi wanakuja adhuhuri. Haji amepiga simu mara mbili."

"Haddou, nisikilize vizuri. Moshi wa jiko unalipasha paa joto, maji yanashuka chini ya theluji, yanafika ukingoni yanaganda. Hiyo barafu ndiyo kizuizi kilichobaki, hakuna kingine. Ukiivunja, yote inakuja. Wapitishe mlango wa jikoni."

"Wageni wa Haji nikawapitishe jikoni kama wauza mayai?"

"Wapitishe hata dirishani! Namaliza hapa nakuja. Usiguse kitu."

"Haya, mkuu wa magata. Njoo basi upesi."

Alimaliza. Alishuka, mikono imekufa ganzi, na mwoka mikate akamwambia, "Mzee, huendi popote kabla hujapasha tumbo." Kulikuwa na supu ya harira ya moto na mkate wa shayiri uliotoka tanuri dakika ile. Assou alikaa. Alikunywa bakuli moja, akaongezewa nusu, akainywa nayo. Kisha akabeba ngazi.

Kitu cha kwanza alichokiona alipoingia lango la jumba ni paa. Lilikuwa jekundu. Mapaa mengine yote ya mtaa yalikuwa meupe, lile moja lilikuwa jekundu, limeoshwa, linang'aa juani kama siku lilipoezekwa. Hakuhitaji kuambiwa. Akaitupa ngazi, akakimbia.

Mbele ya mlango kulikuwa na kilima cha theluji kinachomfika kifuani, na kipande cha gata la rangi ya shaba kimechomoza juu yake, kimepinda. Assou alichimba kwa mikono huku akiita. Theluji ile ikishaporomoka inashikamana kama saruji. Kucha zilimtoka damu, nayo haikuachia. Akapiga kelele mpaka mwoka mikate na wapita njia wawili wakaja na makoleo. Yamna, mke wa Haddou, aliyekuwa akifagia vyumba vya nyuma kwa ajili ya wageni, alitokea na ufagio mkononi akauliza, "Mnatafuta nini?" Wakaendelea kuchimba.

Mwishowe walimpata Haddou. Amelala kifudifudi, mti mrefu wa kuangushia barafu bado ameushika.

Wanunuzi walifika adhuhuri kama walivyosema. Walikaa ndani ya gari lao langoni kwa muda, kisha wakageuza.

Askari waliandika ajali. Haji Berrahal alipiga simu, akalia kidogo, akasema siku ya mtu ikifika imefika. Imamu alisema hivyo hivyo, na majirani, na waliobeba jeneza, na waliomwaga mchanga. Wote walimshika Assou bega na kumpa pole kama mfiwa, maana kila mtu alijua walivyopendana. Naye alikuwa akingoja hata mmoja amnyooshee kidole. Hakutokea. Kila pole ilimwongezea tofali kifuani.

Siku ya nane alishindwa kuvumilia. Alimkuta Yamna kwenye chumba cha mlinzi akifunga vyombo katika blanketi, kwani Haji alikuwa ametuma neno kwamba nyumba inafungwa. Assou alisimama mlangoni.

"Shemeji, meno ya paa niliyang'oa mimi."

"Najua."

"Nilijua kitakachotokea. Nilijua, na nikafanya."

Yamna aliendelea kufunga fundo. "Jioni ile alikuja anacheka," alisema. "Akaniambia, Assou alikataa mbele ya Haji, lakini mimi nilipomfuata alikubali. Akasema, Assou hawezi kuninyima kitu." Akalivuta fundo likakaza. "Alijivunia hilo. Nipishe, nipite."

Assou akampisha.

Tangu siku ile hakupanda paa. Itto, mkewe, alijaribu kila njia. Alimsema, akambembeleza, akampikia kuskus ya Ijumaa siku ambayo si Ijumaa. "Mwanaume hakai na mikono mapajani kama mwari," alimwambia. "Aliyekufa ni Haddou, wewe bado unakula." Assou alijibu, "Nakula, ndiyo." Walipokuja watu kumwita, Itto aliwaambia kifua kinamsumbua. Wakaacha kuja. Vijana kutoka mji wa bondeni walianza kupita na magata ya plastiki, wanayafunga asubuhi na kuondoka mchana, na yalipopasuka kwa barafu walifunga mengine.

Vuli iliporudi, mwanamke mmoja wa sokoni alimletea Assou ujumbe. Yamna alikuwa akiishi katika nyumba ya marehemu baba yake, mtaa wa chini. Maji yalikuwa yakiingia ukutani, godoro linaoza, vijana wa plastiki wameshindwa. Alisema Assou aje.

Itto alifurahi, akadhani mlango umefunguka. Assou naye, tuseme kweli, alidhani hivyo. Alikata bati jipya, akalikunja usiku na mchana, akachonga meno mapya ya chuma. Aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa Yamna. Alipanda vipago vitatu akashuka. Akapanda tena. Chini hapakuwa na mtu wa kuishika.

Alifanya kazi siku mbili, na haikupata kutokea kazi nzuri kuliko ile. Gata alilishusha chini ya mstari wa paa, akalipa mwinamo, vishikio akavipanga nusu dhiraa badala ya dhiraa moja, meno akapiga safu tatu pale ambapo mbili zingetosha. Alimwaga ndoo ya maji. Likakohoa mara moja.

Yamna alimwekea kiti uani, akamletea mkate, siagi na chai. Alikaa kando, akingoja ale. Assou alikula kwa adabu. Alikuwa ameandaa maneno siku nyingi, akafungua mdomo.

"Usiseme," Yamna alimkatiza, kwa upole kabisa. "Nilikuita kwa sababu hapa mjini hakuna anayejua kazi hii ila wewe. Mungu akulipe. Lakini usirudi tena, shemeji. Ukipita njiani, pita upande ule. Nikikuona mimi namwona yeye ameshika ngazi, kisha namwona chini ya ile theluji. Sina chuki na wewe. Nimechoka tu."

Assou alimaliza chai, kwa sababu kuiacha kungekuwa tusi. Akasema ahsante. Akabeba ngazi akaenda zake, upande ule.

Aliporudi Itto alimuuliza, "Imekuwaje?" Akajibu, "Halivuji." Itto alimwangalia usoni, akachukua jelaba yake kuikausha.

Hivyo ndivyo anavyoishi. Ngazi alimpa mwoka mikate, mkasi wa bati na chuma cha kulehemu viko kwenye ghala vikiota kutu. Theluji inapoanguka yuko sawa, anakata kuni, anapiga soga kidogo na jirani. Siku mbaya ni zile za jua baada ya theluji, mji unapodondoka matone na mapaa ya mbali yanapoanza kuachia theluji. Kila linapoachia moja, ule mvumo mzito unafika mpaka jikoni kwao. Assou husimamisha glasi karibu na mdomo na kusikiliza kama kuna mtu anayepiga kelele. Mara nyingi hakuna. Itto humwambia, "Kunywa, inapoa," naye huiweka glasi chini.