Mwenyekiti Aliyewapandisha Wageni Kilimani

Abilahi, mwenyekiti wa kitongoji chetu, ni mkulima wa ufuta kama sisi wengine, na udhaifu wake ni mmoja tu: wageni. Mgeni akija kwake, kuku atachinjwa hata kama ndiye wa mwisho, na shida zote za nyumba zitasukumwa uvunguni. Mimi Kijakazi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nimemwambia mara ngapi, we Abilahi, sifa hazijazi tumbo! Ananicheka tu. Mtu mwema, wallahi, na wema huohuo ndio uliokuja kutuletea kilio.

Huku kwetu bondeni, ndani ndani kutoka Kiranjeranje, simu kazi yake tochi. Ukitaka kuongea na mtu, panda kilima cha mikorosho, usimame kileleni, uombe Mungu. Serikali ina mfuko wake wa mawasiliano. Kampuni ya simu haioni faida kujenga mnara kwa watu wachache kama sisi, basi mfuko unaichangia fedha za umma ijenge. Lakini fedha hizo haziendi mahali ambapo mtandao tayari upo, kwa hiyo lazima waje wapimaji kwanza.

Walikuja wakati wa mavuno, wakiongozwa na binti mmoja mpole, Lightness, shikamoo yake haimpiti mtu. Unajua Abilahi alifanya nini? Alitandika mikeka kule kilimani! Eti watu wakubwa hawa wana simu za kazi, tukiwaweka bondeni watatuonaje? Mkewe Amina akapika wali wa nazi, tukaupandisha na masufuria kichwani, mimi nikinung'unika njia nzima. Wageni wakala, wakapima palepale. Binti akauliza, "Kwa hiyo mzee, mtandao mnapata?"

"Upo, mwanangu! Hatujambo!" Abilahi akajibu, kifua mbele.

Nasi tukaitikia. Nani angemwumbua mwenyekiti mbele ya wageni?

Majibu yakaja: kwenu mtandao upo, fedha zimekwenda kwingine. Watu wakailaumu serikali mpaka wakachoka. Abilahi hakumlaumu mtu, ila hakusema kitu pia.

Mvua zilipoanza, Amina alibanwa na pumu. Abilahi alikuwa gulioni Kiranjeranje, ambako simu yake ilikuwa inashika vizuri. Mimi nilikuwa shambani. Niliporudi nilimkuta Amina kitandani, keshakata roho, simu iko mkononi. Alikuwa amempigia mumewe, akapiga tena na tena, na hakuna hata moja iliyotoka. Ya Rabi! Mwanamke ambaye hakupika kitu bila kunigongea ukuta nipeleke bakuli. Nililia mpaka sauti ikakauka. Na kwa hasira nilizokuwa nazo, nikasema palepale msibani, Abilahi akisikia, kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Aliinamisha kichwa tu.

Arobaini ilipopita Abilahi akaenda Masoko, kwenye ofisi za wilaya. Akarudi, akaenda tena. Aliwaambia wakubwa waziwazi kwamba wapimaji hawakukosea, yeye ndiye aliyewapotosha, na aliomba waje upya. Mwisho wakakubali.

Lightness alirudi. Safari hii hapakuwa na mkeka wala kuku, hata maji ya kunywa nilileta mimi. Abilahi aliitikia shikamoo yake, kisha akamwongoza moja kwa moja mpaka chumbani. Kwetu mgeni haingii chumba wanacholala watu, sembuse chumba cha marehemu. Sisi tulibaki uani tumeduwaa, dirisha liko wazi.

"Kaa hapo kitandani," tulimsikia akisema. "Mke wangu alikuwa hapo. Sasa mpigie mtu yeyote unayemtaka."

Binti alijaribu. Akawasha kipimo chake, akakizungusha huku na huku, akajaribu tena na simu. Kisha akasema kitu kwa sauti ya chini sana.

"Sema kwa nguvu, mwanangu." Abilahi akatuonyesha kwa kidole kupitia dirishani. "Kule juu nilisema upo, na watu wote walinisikia. Na hili walisikie."

"Hakuna," Lightness alisema, na kilio kikamtoka. "Mzee wangu, hapa hakuna mtandao."