Yule Asiyetaka Niketi

Mume wangu ndiye aliyeligundua jambo hili kwanza. Tulikuwa na watoto wawili tayari, tunaishi Riruta, na jioni moja alisukuma sahani pembeni akaniuliza, "Mama watoto, mbona hukai chini? Hata ugali unakula umesimama kama askari wa benki."

Nilicheka. Kisha nikajaribu kukaa, na kabla sijamaliza tonge la pili nilikuwa jikoni nikifuta jiko la gesi lililokuwa safi.

Baada ya hapo sikuweza kuacha kujitazama. Kanisani nilisimama nyuma, karibu na mlango. Ofisini, kule mjini, nilizungumza na wateja kwenye simu nikiizunguka meza. Nilidhani ni uchangamfu, hata mkubwa wangu alinisifu kwa hilo. Halafu ikaja siku ya kikao kirefu na wageni. Viti vilikuwa vimebanana, mtu hawezi kutoka bila kuwasumbua wenzake. Niliketi. Kabla mgeni wa kwanza hajamaliza kujitambulisha, nilijipenyeza katikati ya magoti ya watu hadi nje. Nilitembea Moi Avenue yote, nikageuka, nikaitembea tena.

"Si uende uone mtu wa kukushauri," mume wangu akasema.

Mshauri wa kwanza, mzee mpole mwenye ofisi mjini, aliniambia nina uchovu, akaniombea. Nilimshukuru nikatoka vilevile nilivyoingia. Wa pili, karibu na Adams Arcade, alinifundisha kupumua: vuta, shikilia, achia. Kila nilipovuta pumzi macho yalinikimbilia mlangoni. Sikurudi kwake.

Mwenzangu wa ofisini, ambaye alikuwa amefiwa na dadake, ndiye aliyenitajia mama mmoja mshauri wa Kinoo aliyemsaidia. "Yeye huongea na zile sehemu za ndani zinazogombana," aliniambia. Hilo lilinitia hofu. Mimi nimelelewa kanisani. Nikisikia kwamba kuna mwingine ndani yangu, najua kinachofuata ni kukemewa kwa sauti kubwa. Nilimpigia simu huyo mama, hata salamu sikutoa vizuri.

"Daktari, haya ni mambo ya mapepo?"

"Mimi si daktari," akasema, "na hapana, si mapepo. Hujawahi kusema upande mmoja unataka kwenda na mwingine unakataa?"

"Kila siku."

"Basi mimi nitazisikiliza pande zote mbili. Sifukuzi mtu."

Ni hayo maneno ya mwisho yaliyonipeleka Kinoo.

Chumba chake kilikuwa juu ya duka la vyakula vya mifugo, na lori likipita Waiyaki Way kioo cha dirisha kilitikisika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sweta nzito na sauti isiyo na haraka. Akanionyesha kochi. Nikamwambia nitasimama kidogo, nikangoja anibembeleze kama wale wengine.

"Sawa, simama," akasema. Naye akainuka, akaegemea ukuta. "Huyo asiyetaka ukae, unamsikia wapi mwilini?"

Niliona ni upuuzi, lakini jibu nilikuwa nalo. "Nyuma ya magoti. Kama mtu anayejitayarisha kukimbia."

"Muulize anaogopa nini kitatokea ukikaa."

Nilitaka kumwambia kwamba nyuma ya magoti hakuna mtu wa kuulizwa. Badala yake nikajisikia nikisema, "Mama ataanguka kwenye jiko."

Nikamsimulia. Mama yangu alikuwa na kifafa. Tulikaa chumba kimoja, baba akija na kuondoka, jiko la makaa liko sakafuni, na mimi ndiye kifungua mimba. Alikuwa ameanguka siku moja, mkono ukaungua. Tangu hapo nikitoka shuleni sikucheza. Nilisimama mlangoni nikimtazama akipika, tayari kumrukia. Hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa darasa la pili. Mambo haya sikuwahi kuyasahau. Nisilolijua ni kwamba yule mtoto alikuwa bado yuko zamu.

"Mama yuko wapi siku hizi?" mshauri akauliza.

"Kwa kaka yangu mdogo. Anatumia dawa. Hajaanguka miaka mingi."

"Yule mtoto wa mlangoni anajua?"

"Sidhani kuna aliyemwambia."

"Mwambie wewe."

Nikamwambia kimoyomoyo. Hakuamini. Nililia kwa sababu ya huko kutoamini kwake, bega langu limeegemea dirisha. Mwishoni niliketi kwenye ukingo wa kochi. Lori likapita, nikaruka nikasimama, tukacheka sote wawili.

Jumamosi nilikwenda kwa kaka yangu. Mama alikuwa anamenya minji, njegere mbichi za sokoni. Nikachukua bakuli nimsaidie, nikamweleza kila kitu.

"Nilikuwa najua," akasema. "Ulikuwa unanitazama mpaka naona aibu. Kuna siku nilikuwa napanda kitandani najifanya nimelala, ndio utoke ukacheze na wenzako."

"Sikutoka."

"Hukutoka. Ulikuja ukasimama karibu zaidi, uone kama napumua." Akafuta mikono kwenye leso. "Pole, mwanangu. Mimi ndiye niliyepaswa kukuangalia wewe."

Nilidhani nikisikia maneno kama hayo nitatulia. Badala yake hasira ilinipanda, na haikuwa ya yule mtoto. Nilimenya kwa nguvu hadi minji ikarukia sakafuni.

Wiki iliyofuata, nilipofika Kinoo, sikungoja hata mlango ufungwe. "Leo kuna mwingine," nikamwambia mshauri. "Huyu ana hasira, na anataka kuongea kwanza."

"Karibu naye pia. Amemkasirikia nani?"

Nikaanza kutembea, ukuta hadi ukuta, nikiwataja watu wazima wote waliokuwa wakiingia chumbani kwetu, wakala, wakasema huyu mtoto ana akili sana, wakaenda zao. Nilianza na baba.