Sala ya Mzee Obwocha

Ndugu yangu Alfayo si mtu wa maneno. Maneno ni yangu, na mtanivumilia. Tangu amalize darasa la nane amekuwa akilisha miwa mashine ya mzee Obwocha, hapa chini ya soko la Nyamarambe, wanakopika sukari nguru. Unasukuma muwa, magurudumu mawili ya chuma yanaunyakua na kuukamua. Zamani mbele yake palikuwa na kinga. Obwocha aliing'oa, eti inachelewesha kazi. Kila nikipita na ndizi zangu nilikuwa namwambia, "Mzee, hiyo kitu itakula mtu!" Naye anacheka tu.

Ikamla Alfayo. Muwa mmoja ulikuwa umepinda, akausukuma kwa nguvu, ukaenda na mkono wake wa kulia. Masese, aliyekuwa akipanga miwa kando yake, ndiye aliyezima injini na kumtoa. Hospitalini wakaukata mkono. Nililia mpaka sauti ikapotea, mimi ambaye soko zima linanijua kwa kelele.

Aliporudi nyumbani, Obwocha alikuja kumwombea. Ni mzee wa kanisa letu, kwa hiyo hatukushangaa. Alileta unga, majani chai na vibarua wake wote, Masese akiwemo. Tukainamisha vichwa.

"Baba," Obwocha akaomba, "asante kwa uhai wa jirani yetu Alfayo, aliyetutembelea siku ile, akaona kazi ni nyingi, akajitolea kutusaidia bila kuombwa na mtu."

Nikafungua macho. Alitutembelea? Miaka yote hiyo? Nikangoja mtu hata akohoe. Ng'o! Wote wakaitikia, "Amina." Alfayo mwenyewe aliitikia, maskini, maana nani hukatiza sala? Kumbe Obwocha naye alikuwa amefungua macho, ananitazama mimi. Niliogopa, sitadanganya.

Baada ya Sabato nikampeleka Alfayo kwa afisa wa kazi, Kisii mjini. Mama huyo alitueleza kwamba mtu akiumia kazini ana haki ya fidia, hata kama ni kibarua asiye na barua ya kuajiriwa. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kisha akampigia Obwocha simu mbele yetu, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anasema hukuwa mfanyakazi wake," akamwambia Alfayo. "Ulikuwa mgeni. Anasema hata wewe ulikubali mbele ya watu."

"Mimi?" Alfayo akashtuka.

"Hiyo haitoshi kukunyima haki. Lakini nitafutie hata mtu mmoja wa kusema ulikuwa ukifanya kazi pale."

Mmoja tu! Alfayo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aumie. "Masese hawezi kunikana," akasema. "Damu yangu ilimwagika kwenye shati lake."

Siku iyo hiyo nikateremka kiwandani, nimechemka. Obwocha alikuwa ameketi kivulini. Akanisalimu vizuri sana, akauliza hali ya mgonjwa, kisha akaniambia nipite tu nimwone Masese. Sikuwa nimemtajia Masese.

Masese alikuwa amesimama pale pale pa Alfayo, analisha miwa, na kinga bado haipo.

"Masese, afisa anataka useme jambo moja tu, kwamba Alfayo alifanya kazi hapa."

Hakugeuka. Akasukuma muwa mwingine, vidole vikafika karibu na chuma.

"Rudi nyumbani, Mama Kerubo. Nina watoto."

"Na Alfayo ana paka? Wewe ulimtoa humu kwa mikono yako! Ikikukamata kesho, nani atakusemea?"

Akamtupia Obwocha jicho, kisha akaniinamia sikioni ili nimsikie licha ya kelele za injini.

"Sisi sote ni wageni hapa," akasema. "Leo asubuhi alituombea kabla hajawasha mashine. Tukaitikia."