Ramani Iliyochoka na Maswali Yetu

Wewe, umewahi kunyimwa jibu na ramani? Mimi nimenyimwa, tena nikiwa na mtungi wa maziwa mkononi!

Mjukuu wangu anasoma chuo huko Nchiru. Alitutengenezea akina mama wa maziwa kitu ya simu: unafinya, unaona gari ya kuchukua maziwa yetu imefika wapi. Picha ya barabara anaazima kwa kampuni ya ng'ambo, bure, bora usiwaulize sana. Hiyo ya usiwaulize sana alisahau kutuambia. Na sisi kwetu, ukifika kwa jirani unaita mpaka mtu atoke. Ukiita mara moja ukanyamaza, watasema umekuja kwa ubaya.

Sasa asubuhi moja mvua iliharibu barabara, gari ikachelewa. Kila mama akafinya. Ramani ikakawia, tukafinya tena. Mimi nilifinya na kidole gumba, halafu na ile ingine, gumba ipumzike kidogo.

Ramani ikawa nyeupe pe, na maneno ya Kizungu hapo katikati. Nikampigia mjukuu.

"Cucu, mmefinya mara ngapi?"

"Kidogo tu."

"Cucu!"

"Mpaka ikanyamaza."

Akacheka, huyo mtoto! "Inasema mmeuliza sana, mngoje. Wekeni simu chini."

Jirani yangu akashika kiuno. "Tumeuliza sana? Hata mheshimiwa wetu hajawahi kutuambia hivyo!"

"Huyo utamuuliza saa ngapi," nikamwambia, "na hashiki simu?"

Tukacheka, lakini kuna mtu aliweka simu chini? Wapi! Tukaendelea kukodolea hiyo weupe kama watu wanangoja Bwana arudi. Kumbe gari imekwepa matope, imepitia barabara ya chini. Tulisikia honi tu, ikienda. Kukimbia na mtungi kwa mteremko, na hizi magoti yangu! Tulipofika, tulikuta alama ya tairi.

Maziwa ikakosa gari, ikalala mpaka ikachacha. Mjukuu alipokuja nyumbani nilimpatia kikombe kubwa ya hiyo maziwa lala, nikamwambia, "Kunywa ramani yako."

Akakunywa yote, uso imekunjamana, akapangusa mdomo.

"Cucu, naapa. Mashine yangu ndio itaomba hiyo picha, mara moja tu, iiweke, halafu kila mama apewe hiyo hiyo. Nyinyi mtafinya mpaka kidole iishe."